Jinsi ninavyorekodi kazi za mafundi wa Kangle, Guangzhou

Kangle ni kijiji kilichomezwa na jiji la Guangzhou, kusini mwa China, wilayani Haizhu. Majengo yamebanana hadi Wachina huyaita "ya kupeana mikono", dirisha kwa dirisha. Humo mmejaa vikarakana vya nguo, jirani na soko la vitambaa la Zhongda, na mafundi wengi wametoka mkoa wa Hubei.

1. Siku za mwanzo nenda na daftari tu. Fika asubuhi barabarani wanakotafutwa vibarua. Mabosi husimama wameshika nguo ya mfano na kipande cha boksi kilichoandikwa kazi. Fundi haanzi na salamu. Anaichukua nguo, anaigeuza ndani nje, anavuta mshono wa bega, anahesabu mifuko, ndipo anauliza: kipande kimoja kiasi gani? Bei isipolipa, anairudisha na kusogea kwa bosi wa pili. Ukitoa kamera hapo umeharibu.

2. Omba ruhusa mara mbili. Kwa bosi, kisha kwa fundi akiwa peke yake; mbele ya bosi atakubali tu. Mwite "shifu", ambalo kwa kweli ni "fundi" letu hili hili, heshima na yote.

3. Mkalimani awe wa Hubei. Niliwahi kwenda na kijana mzaliwa wa Guangzhou, Kikantoni chake safi kabisa. Mama mmoja alipoanza kuongea cha kwao, tukabaki wote wawili tunatabasamu.

4. Tenganisha maongezi na cherehani. Rekodi mlio wa karakana dakika mbili peke yake. Maongezi yasubiri muda wa kula, kinasa sauti kikae karibu na ukosi wa fundi.

5. Anzia kwenye nguo. Ukisema "nieleze maisha yako" utajibiwa "kazi tu", basi. Mpe blauzi mkononi. Uliza: hapa panapokula muda ni wapi? Kola inakusumbua? Nani alikufundisha kuitia? Mtu aliyekunjua uso kwa ajili ya kola atafika mwenyewe kwenye ada ya mtoto aliyemwacha kijijini kwa bibi yake. Usimkimbize huko.

6. Faili lipe tarehe na aina ya kazi, si jina la mtu. Weka nakala mbili.

7. Mpe nakala yake kabla ya mwaka mpya wa Kichina. Wakati huo mafundi huenda kwao, vichochoro huwa vitupu, na wakirudi, kwenye cherehani ile huenda ukamkuta mtu mwingine.