Somo: Photoshop CS6 na Lightroom 6 za mtumba, kuhamisha leseni na kupandisha toleo

Ukinunua Photoshop (ya kuhariri picha) au Lightroom (ya kupanga na kurekebisha picha) ya mtumba, boksi, DVD na kijikaratasi chenye namba ya leseni ya tarakimu 24 havitoshi. Leseni iko kwenye akaunti ya muuzaji kwa Adobe, kampuni inayotengeneza programu hizi, na itabaki humo mpaka aiachie. Wengi hulipa, wakaweka programu, ikafanya kazi miezi kadhaa. Siku wanabadili kompyuta wanaambiwa nafasi za leseni (idadi ya kompyuta inazoruhusu) zimejaa, na muuzaji hapokei tena simu.

Hapa tunazungumzia matoleo ya kununua mara moja tu: Photoshop hadi CS6 (2012) na Lightroom hadi 6 (2015). Usajili wa Creative Cloud wa mtu binafsi, yaani ule wa kulipia kila mwezi au mwaka, hauhamishwi. Anayekuuzia "akaunti ya mwaka mzima" kwa bei ya kutupa anakukalisha kwenye kiti chake, na atakuinua saa yoyote apendayo.

Kabla ya kutoa hela

Uliza kwanza: ni ya Windows au ya Mac? Namba ya CS6 ya Windows haikubali Mac, wala ya Mac haikubali Windows. Lightroom haina tabu hiyo, namba moja inaingia kote.

Swali la pili ndilo linalowaumiza watu: ni toleo kamili au la kupandia (linalouzwa kwa mwenye toleo la nyuma tu)? CS6 ya kupandia ilidai uwe na Photoshop ya zamani inayokubalika, na kisakinishi chake kitakuomba namba ya hiyo ya zamani. Usipokuwa nayo unakwama papo hapo, hata kama namba ya CS6 ni halali kabisa. Tena leseni ya zamani na ile ya kupandia huhesabiwa kitu kimoja. Muuzaji hana ruhusa ya kukupa CS6 huku CS4 iliyo chini yake akimuuzia mwingine. Kama alipanda kwa ngazi, tuseme CS3, kisha CS5, kisha CS6, dai namba zote tatu kwa maandishi. Lightroom 6 ya kupandia nayo inataka namba ya toleo lolote la nyuma, 1 hadi 5.

Jihadhari na namba za leseni za jumla, zile za makampuni na vyuo. Haziombi kuwashwa (kuthibitishwa na seva za Adobe) kupitia intaneti, kwa hiyo zinaingia bila maswali, na ndiyo maana wauzaji wa uchochoroni wanazipenda. Kuingia si kumiliki. Boksi lililoandikwa "Not for Resale" nalo liache mezani.

CS2 na CS3 usizinunue, hata kwa bei ya soda: seva za kuziwasha zilishazimwa. Zile namba za CS2 zilizowekwa hadharani na Adobe Januari 2013 zilikusudiwa watu ambao tayari walikuwa na leseni. Uvumi kwamba ni za bure kwa kila mtu ulianzia hapo.

Hatua za kuhamisha

1. Muuzaji afungue programu akiwa na intaneti, kwenye kila kompyuta aliyoiwasha. Leseni moja ina nafasi mbili. Kwenye CS6 aende "Help", kisha "Deactivate". Atapewa chaguo mbili: "Suspend Activation" inaachia nafasi lakini namba inabaki kwenye mashine, "Deactivate Permanently" inaondoa vyote. Achague ya pili. Kwenye Lightroom 6 ni "Help", kisha "Sign Out". Lightroom 5 kurudi nyuma haikuwa na kuwashwa mtandaoni, kwa hiyo aiondoe tu kwenye kompyuta.

2. Aingie kwenye akaunti yake ya Adobe, sehemu ya bidhaa zilizosajiliwa, akupigie picha ya skrini akiwa amefunika tarakimu za mwisho. Kama haipo humo, aisajili kwanza. Asiyetaka kufanya hivi huenda hana cha kuuza.

3. Muuzaji, si wewe, aanzishe mazungumzo na huduma kwa wateja ya Adobe, aombe uhamisho wa umiliki na apewe namba ya kesi. Ukianza wewe mnunuzi watakurudisha kwake.

4. Fungua akaunti yako mwenyewe, kisha uwaandikie ukitaja namba ile ile ya kesi.

5. Subiri namba ionekane kwenye akaunti yako. Hapo ndipo umalizie malipo. Kama hamfahamiani, fedha zikae kwa mtu wa kati.

6. Tengeneza nakala ya ISO ya DVD (faili moja lenye kila kilichomo) siku hiyo hiyo, kwa kuwa laptop nyingi sasa hazina sehemu ya diski na DVD ya miaka kumi na zaidi huanza kugoma. Weka programu, iwashe, halafu weka sasisho la mwisho: CS6 ni 13.0.1 kwa Windows na 13.0.6 kwa Mac, Lightroom ni 6.14 ya Desemba 2017. Matoleo ya 13.1 yalikuwa ya wanachama wa usajili, usihangaike nayo.

Wenye Mac, angalieni mfumo kabla ya yote. macOS Catalina (2019) ilikata programu za biti 32. Lightroom 6 yenyewe ni ya biti 64, lakini kisakinishi chake na sehemu za leseni ni za biti 32, kwa hiyo inakwama mlangoni. Baki Mojave, toleo lililotangulia Catalina.

Katalogi unapopanda kutoka Lightroom 5

Katalogi ni faili la Lightroom linalotunza orodha ya picha na marekebisho yako. Lightroom 6 haiandiki juu ya katalogi ya zamani, inatengeneza nakala. "Picha.lrcat" itazaa "Picha-2.lrcat". Kosa la kawaida ni kubofya ile ya zamani kwa mazoea, ukafanya kazi siku tatu ndani ya Lightroom 5, kisha ukaona marekebisho "yamepotea". Hayajapotea, yako kwenye katalogi nyingine. Ukishahakikisha mpya iko sawa, hamishia ya zamani kwenye diski ya nje. Usiifute, maana Lightroom 5 haiwezi kufungua katalogi ya 6.

MASWALI YA WANACHAMA

*Wakuu, nimenunua laptop ya mtumba iliyotoka Dubai, imekuja na Photoshop CS6 na inafunguka vizuri. Si ina leseni tayari?*

Hapana, ndugu. Ina nafasi moja ya leseni ya mtu mwingine, au imevunjwa. Siku ukifomati inaondoka nayo. Kama aliyekuuzia anamjua mwenye leseni, fuata hatua ya 1 hadi 5. Kama hamjui, ihesabu haipo.

*Muuzaji alifomati kompyuta zake mbili bila kuzima leseni. Sasa naambiwa nafasi zimejaa.*

Kufomati hakuachii nafasi, seva bado inazihesabu. Kama uhamisho ulishakamilika, omba Adobe wakufutie hesabu ya nafasi. Kama haujakamilika, ni yeye wa kuomba.

*Kamera yangu ni Sony a7 III, Lightroom 6 haisomi RAW zake (faili ghafi za kamera). Nimeibiwa?*

Hujaibiwa, kaka. Kamera hiyo ilitangazwa 2018, na 6.14 ni ya Desemba 2017. Pakua Adobe DNG Converter, inayogeuza RAW kuwa DNG, aina ya faili ambayo Lightroom 6 inaisoma; ni ya bure. Bonyeza "Change Preferences", na kwenye "Compatibility" chagua "Camera Raw 7.1 and later". Usiweke tiki kwenye "Embed Original Raw File", la sivyo kila faili litabeba RAW ya awali tumboni na diski itajaa upesi.

Nyongeza kutoka kwa mwanachama mwingine: njia hiyo hiyo inafaa kwa CS6, ambayo Camera Raw yake (sehemu ya kusomea RAW) iliishia 9.1.1.

*Niko Ujerumani. Muuzaji anasema sheria ya Ulaya inamruhusu kuniuzia hata programu aliyoipakua, bila DVD. Kweli?*

Kweli, kwa leseni isiyo na kikomo cha muda. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua hivyo tarehe 3 Julai 2012 katika kesi ya UsedSoft na Oracle. Sharti lake: muuzaji aifanye nakala yake isitumike tena. Kwa hiyo hatua ya 1 iko pale pale. Usajili wa kila mwezi haumo. Marekani mambo ni tofauti. Kesi ya Vernor na Autodesk (2010) iliegemea upande wa kampuni.

*CS6 kwenye skrini ya 4K ya Windows 10, menyu ni ndogo kama sisimizi.*

Bofya kulia Photoshop.exe, "Properties", "Compatibility", "Change high DPI settings", weka tiki kwenye kipengele cha chini, chagua "System". Menyu zitakua, ila na picha yenyewe itakuzwa pamoja nazo, kwa hiyo asilimia 100 si pikseli kwa pikseli tena. Unapokagua ukali wa jicho au kope kabla ya kuchapisha, toa tiki kwanza na ufungue programu upya.