Ndege imefutwa, nauli iko kwa nani? Mwongozo kutoka saiba ya Kondele

Nina saiba, yaani duka la intaneti, hapa Kondele, Kisumu. Kazi yangu ya kila siku ni kodi za KRA, huduma za serikali za eCitizen, mikopo ya wanafunzi ya HELB na kuchapisha barua za kuomba kazi. Lakini tangu Mwalimu aje na bahasha yake ya kaki, watu wenye shida za tiketi za ndege wamekuwa wakielekezana kwangu. Mwalimu ni mama mstaafu wa upande wa Maseno. Alikuwa anaenda Ujerumani kumwona mjukuu wake wa kwanza, na siku mbili kabla ya safari akapata ujumbe kwamba ndege imefutwa. Tulifuatilia nauli kwa wiki sita. Kati ya hizo, wiki mbili zilipotea kwa kosa langu mwenyewe, na hilo ndilo litakalochukua nafasi kubwa hapa chini.

Hatua ya 1: Usibonyeze kitu

Ujumbe huja na kiungo. Ukikifungua unakuta kitufe kikubwa cha rangi kinachosema ukubali tarehe mpya au vocha, na chini yake maandishi madogo ya kijivu yanayotaja kurudishiwa pesa. Ukibonyeza kile kikubwa, umeshachagua, na kutoka kwenye vocha kurudi kwenye pesa taslimu ni kuvutana kamba na mtu aliye na mikono mingi. Piga picha ya skrini ya ujumbe, funga, tulia.

Halafu nunua kaunta buku. Najua simu ina sehemu ya kuandika, lakini simu huibwa, huzima, hubadilishwa. Kwenye kaunta buku andika tarehe, saa, umeongea na nani na amesema nini. Mwalimu alianza yake siku hiyohiyo kwa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, na baadaye akaandika: "Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kijana wa simu amesema pesa zimeshatumwa kwa wakala. Nimeuliza wakala yupi. Amekata." Mstari huo mmoja ungetuokoa kama ningeusoma vizuri. Tutaurudia.

Hatua ya 2: Jua nani aliyefuta

Tiketi ikiwa imeandikwa kwamba nauli hairudishwi, sharti hilo linakubana wewe ukighairi. Shirika likifuta lenyewe, mambo ni mengine, na masharti ya mashirika mengi yanakupa haki ya nauli kwa sehemu ambayo hukusafiri. Kwa hiyo ukisikia fununu za mgomo, au ukiona mawingu meusi juu ya ziwa, usikimbilie kughairi. Ngoja waseme wao. Na wasiposema, nenda uwanjani. Usipotokea na ndege ikaruka, hapo huna cha kudai zaidi ya ada za uwanja. Kwa safari za ndani ada ya abiria ni shilingi 600, na wapo wanaokutoza gharama ya kuishughulikia mpaka inaisha yote.

Hatua ya 3: Tiketi ni moja au ni mbili?

Hili linatuhusu sana sisi wa huku magharibi, kwa sababu safari yetu ya ng'ambo huanzia Kisumu au Eldoret kabla ya kufika Nairobi. Kama Kisumu hadi Ujerumani iko kwenye tiketi moja, yenye namba moja ya bukingi, ndege ya Kisumu ikifutwa ni juu ya shirika kukufikisha mwisho wa safari. Kama ulinunua ya Kisumu–Nairobi kivyake kwa sababu ilikuwa rahisi, basi mbele ya sheria hizo ni safari mbili zisizojuana. Ya Kisumu ikifutwa kwa mvua ukachelewa Nairobi, shirika la pili litakuhesabu kama mtu ambaye hakutokea, na litafuta hata tiketi yako ya kurudi.

Ushauri wangu, na najua wengine watabisha: ukiwa na tiketi mbili, usipande ndege ya siku ileile. Lala Nairobi kwa jamaa, au panda basi la usiku lipite Nakuru taratibu. Basi halina vocha lakini linafika.

Mwalimu alikuwa na mbili. Iliyofutwa ilikuwa ya Nairobi kwenda Ulaya. Ya Kisumu–Nairobi iliruka kama kawaida, kwa hiyo kwa tiketi hiyo ndogo yeye ndiye aliyeghairi. Mtu mmoja, siku moja, haki mbili tofauti.

Angalia pia shirika linatoka wapi. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Inamlinda abiria anayeondoka Ulaya kwa shirika lolote, na anayeondoka kwetu kwenda Ulaya ikiwa shirika linaloendesha ndege ni la Ulaya. Inasema nauli irudishwe ndani ya siku 7, na vocha itolewe tu kwa idhini iliyotiwa saini na abiria. Kwa safari ndefu kama hii inaweka hata fidia ya euro 600 ukijulishwa chini ya siku 14 kabla, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa shirika. Ya Mwalimu ilikuwa mgomo wa waongozaji ndege, ambao si waajiriwa wa shirika, kwa hiyo fidia tuliisahau. Nauli haisahauliki kwa mgomo wala kwa mvua.

Hatua ya 4: Tafuta pesa zimelala mfukoni mwa nani

Hapa ndipo nilipopotea.

Mwalimu alinunua kwa wakala mdogo hapa mjini. Alilipa kwa M-Pesa, akapewa karatasi iliyochapishwa. Mimi nikapiga hesabu rahisi: amelipa kwa wakala, basi wakala ndiye ana pesa. Nikampigia. Akasema bado anangoja shirika. Nikaliandikia shirika, likajibu kwamba limesharudisha kwa wakala. Nikampigia tena kwa sauti ya juu kidogo. Akaapa hajaona hata ndururu. Siku kumi na nne tulikuwa kama mpira wa Moi Stadium, tunapigwa huku tunapigwa kule. Nilishaanza kumwita yule bwana mwizi, na hakuwa mwizi.

Kumbe wakala wetu hakuwa ndiye aliyetoa tiketi. Mawakala wengi wadogo hawana kibali cha IATA, kile chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Wananunua kwa wakala mkubwa, mara nyingi wa Nairobi, mwenye kibali. Pesa inapanda ngazi: wewe, wakala mdogo, wakala mkubwa, shirika. Ikirudi inashuka ngazi zilezile, na kila ngazi ina mtu wa hesabu ambaye yuko likizo. Shirika lilisema kweli. Wakala wetu alisema kweli. Pesa ilikuwa kwa wa katikati, ambaye sikujua kama yupo.

Utamjuaje? Chukua risiti kamili ya tiketi ya kielektroniki. Ile ratiba nzuri yenye nembo ya wakala haitoshi. Ukiwa nayo ratiba tu, mwambie wakala akutumie risiti yenyewe kwa PDF. Usikubali picha ya WhatsApp. Namba ndogo huchujuka mpaka 3 inafanana na 8. Kwenye risiti tafuta mambo matatu.

La kwanza, namba ya tiketi. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinataja shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 074 KLM, 157 Qatar, 176 Emirates. Ukiona tatu za mwanzo ni za shirika tofauti na lile ulilopanda, aliyetoa tiketi ni huyo mwenye namba, na madai ya nauli huanzia kwake. Mashirika mengine ya ndani hutoa herufi sita za bukingi tu. Hapo usihangaike, ngazi ni fupi.

La pili, mahali palipoandikwa Issuing Agent, yaani wakala aliyetoa tiketi. Kuna jina, na mara nyingi namba ya IATA yenye tarakimu 8. Jina hilo lisipokuwa la wakala wako, huyo ndiye unayemtafuta. La Mwalimu lilikuwa na jina la kampuni ya Nairobi ambayo hatukuwahi kulisikia, kwa maandishi madogo kuliko ya maandiko ya Agano Jipya la mfukoni. Yeye ndiye aliyeliona, akiwa ameshusha miwani puani. "Kijana wangu," akaniambia, "swali lilikuwa limeandikwa na jibu lilikuwa chini ya ukurasa." Kisha akafungua kaunta buku, akaniwekea kidole pale pa Jumanne: wakala yupi.

La tatu, njia ya malipo. Ikiwa imeandikwa CASH, shirika linarudisha kupitia wakala aliyetoa tiketi, hata kama wewe ulilipa kwa M-Pesa. Zikionekana tarakimu nne za kadi, pesa itarudi kwenye kadi hiyo. Jiulize: hiyo kadi ni ya nani? Niliona kesi moja hapa kadi ilikuwa ya wakala, kwa hiyo mteja alikuwa akikagua akaunti yake ya benki kila asubuhi bure. Na kama kadi ni yako lakini imeisha muda, ongea na benki mapema. Kwa kawaida pesa hufuata akaunti, lakini usingoje mpaka ipotee ndipo uulize.

Tahadhari nyingine kabla hatujatoka hapa. Usijaribu kurudisha muamala wa M-Pesa kwa kutuma ujumbe kwa 456. Njia hiyo ni ya aliyekosea namba, na ukiitumia kwa malipo halali unampa wakala sababu ya kukuita mdanganyifu. Chukua badala yake taarifa ya M-Pesa ya mwezi ule uliolipa, ichapishe, upigie mstari muamala. Pia muulize wakala kama pesa itarudi kwenye laini iliyolipa. Mwalimu alilipa kwa laini ya mpwa wake, na mpwa alikuwa amebadilisha namba. Siku nne nyingine.

Na usikubali neno "imeshughulikiwa". Uliza shirika: mmeidhinisha kiasi gani, tarehe gani, kwa namba ipi ya IATA. Ukiwa na majibu hayo matatu kwa maandishi, wakala mkubwa hana pa kujificha. Wetu alijibu siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana.

Hatua ya 5: Andika barua fupi

Baruapepe, si simu. Kituo cha simu kinakula salio na hakiachi alama. Wa ng'ambo waandikie kwa Kiingereza, lakini mwili wa barua ni huu:

"Safari yangu namba fulani ya tarehe fulani mliifuta ninyi tarehe fulani. Namba ya tiketi ni hii. Sikubali vocha wala tarehe nyingine. Naomba nauli yote ya sehemu ambayo sikusafiri, pamoja na kodi na ada, irudishwe. Tafadhali nijulisheni kiasi, tarehe, na wakala mliyemrudishia."

Ambatanisha risiti na picha ya ule ujumbe wa kwanza. Historia ya mjukuu iache. Niliiandika mara ya kwanza, aya tatu nzima, wakajibu kwa pole.

Hatua ya 6: Ukikubali vocha, iulize maswali

Vocha si haramu. Kwa ile tiketi ndogo ya Kisumu–Nairobi tulichukua, maana pesa taslimu haikuwepo. Lakini uliza: tarehe ya mwisho ni ya kununua au ya kusafiri? Naweza kumpa mtu mwingine? Nikinunua ya bei ya chini, chenji inabaki? Kenya ilipositisha safari za kimataifa Machi 2020, watu wengi walibaki na vocha. Jirani yangu alitunza yake kama hati ya shamba, akaja kuitumia imeshapita wiki mbili.

Hatua ya 7: Wakinyamaza

Ulilipa kwa kadi? Nenda benki upinge malipo, usipitishe siku 120. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, hupokea malalamiko ya abiria. Kwa wakala aliyekalia pesa yako, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili. Kwa safari ya kimataifa inayolindwa na Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, madai ya hasara ya kucheleweshwa yana miaka 2 tu ya kufika mahakamani.

Kulalamika mitandaoni sipendi. Ukiandika tu jina la shirika Facebook, ndani ya dakika tano anakuja "huduma kwa wateja" mwenye nembo safi na Kiswahili kibovu, anataka namba yako ya siri ya M-Pesa ili "akurudishie". Hakuna shirika linalohitaji namba yako ya siri ili kukutumia pesa.

Nauli ya Mwalimu ilifika Ijumaa jioni, shilingi 118,400. Ada ya huduma ya wakala wetu, shilingi 3,500, haikurudi. Ipo kwenye kaunta buku, kwa kalamu nyekundu, na mbele yake ameweka alama ya kuuliza.