SOMO: Majani ya mapukutiko chekechea, kuanzia kuokota hadi kufundishia

Walimu wenzangu mlioko Marekani, Kanada na Ulaya, kila ikifika Septemba maswali ni yale yale: majani yameota ukungu, majani yamekuwa meusi, wiki hii nifundishe nini. Nimejibu vipande vipande vya kutosha. Leo naweka yote hapa, na atakayeuliza nitamleta kwenye uzi huu.

Neno kwanza. Vitabu vingi huyaita majira haya vuli, lakini vuli ya kwetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani akimsikia bibi yake kwenye simu anataja vuli, bibi anasema habari za mvua na kupanda. Kwa hiyo mimi nasema mapukutiko, na neno lenyewe linaeleza jambo: majani yanapukutika.

Vipimo vyote ni vya darasa la watoto 20 wa miaka 5 hadi 6.

1. Tembelea eneo siku moja kabla. Tafuta angalau aina tatu za miti zenye maumbo tofauti kabisa, kwa mfano mepo (maple), mwaloni (oak) na ginkgo.

2. Kila mtoto apewe mfuko wa karatasi na aokote majani matano. Usitumie plastiki, majani hutoa jasho ndani yake. Yaokotwe chini, yawe yameanguka karibuni na bado yanapinda bila kuvunjika.

3. Majani matatu, usiguse. Hii ni kwa walioko Amerika ya Kaskazini. Poison ivy, mmea ambao mafuta yake huwasha ngozi, hugeuka nyekundu nzuri sana msimu huu, na mtoto huvutwa na nyekundu kabla ya rangi nyingine. Jani lake lina vijani vitatu, cha kati kina kikonyo kirefu kuliko vya pembeni, na shina likipanda mti huwa na manyoya. Mafuta yake yanawasha hata jani likishakauka, na hushika kwenye nguo na viatu. Mtoto akigusa, mwoshe mara moja kwa sabuni na maji mengi ya baridi, na nguo zifuliwe peke yake. Mkirudi darasani kagua pia vifundo vya miguu na nyuma ya magoti: kupe bado wanatembea hadi Novemba.

4. Kukausha. Hapa ndipo wengi mnapoharibu, na mimi niliwahi kuharibu majani ya darasa zima, kwa hiyo soma hadi mwisho. Jani huwa jeusi au huota ukungu kwa sababu maji yake hayakupata pa kwenda. Futa kila jani kwa kitambaa kikavu, pande zote mbili, hasa mkiwa mmeokota asubuhi kuna umande. Tandika kipande cha boksi, juu yake kurasa tatu za gazeti, kisha majani yasiyogusana hata kidogo, kisha kurasa tatu nyingine, kisha boksi. Gazeti liwe lile la karatasi ya kawaida. Majarida yanayong'aa hayanyonyi maji, na ndiyo kosa la kwanza. Uzito juu yake: rimu mbili za karatasi za A4. Rimu moja ya gramu 80 ina takriban kilo 2.5, kwa hiyo unapata kilo 5 zilizolala sawasawa. Vitabu vya saizi tofauti hubana katikati na kuacha kingo zikijikunja.

Kosa la pili ni kuacha wiki nzima bila kufungua. Badilisha magazeti baada ya saa 24, maana siku ya kwanza ndiyo inayotoa maji mengi kuliko zote. Kisha badilisha kila baada ya siku mbili. Majani ya mepo huwa tayari siku ya 7, ya mwaloni yanaweza kufika siku ya 10. Kujua kama limekauka, liguse kwenye shavu. Likiwa baridi bado lina maji, lirudishe. Likiwa na joto la chumba, shika kikonyo ulisimamishe, lisipoinama, limeiva. Watoto wanaipenda kazi hii ya shavu, waachie wao.

ONYO: usitumie maikrowevu. Jani kavu huungua ndani ya sekunde chache. Pasi inafaa kwa dharura, bila mvuke, jani likiwa kati ya karatasi mbili, sekunde 10 hadi 15 kila upande, na ni kazi ya mtu mzima tu. Usikaushe dirishani pia, kwa sababu jua hupausha nyekundu kabla ya kitu kingine.

5. Kupanga. Mwaga majani mezani, sema "yapangeni", kisha nyamaza. Usitaje rangi wala umbo. Kundi moja litapanga kwa rangi, jingine kwa ukubwa, na yupo atakayepanga kwa "yenye meno na yasiyo na meno". Uliza kila kundi: umejuaje hili linakaa hapa? Hapo ndipo penye somo lenyewe. Baadaye bandika selotepu ya karatasi sakafuni, mistari mitatu yenye miraba inayolingana, jani moja kila mraba, na tayari mna grafu. Bila miraba, jani kubwa la mepo litachukua nafasi ya mawili madogo na watoto watasema mstari mrefu ndio wenye mengi. Maswali: mepo ni mangapi kuliko mwaloni? Tukiongeza mangapi yatalingana?

6. Kuchapa mishipa. Jani liwe limekandamizwa siku moja tu, kwa sababu lililokauka kabisa hupasuka. Upande wa mishipa uangalie juu, karatasi nyembamba juu yake, krayoni iliyovuliwa karatasi ilazwe ubavu. Bandika jani mezani kwa selotepu, vinginevyo linatembea na picha inakuwa mbili.

7. Rangi ilikuwa wapi? Chukua majani 10 ya KIJANI kutoka mti ambao utageuka njano. Watoto wayachane vipande vidogo sana ndani ya gilasi. Kuanzia hapo ni mwalimu tu: mimina spiriti ya isopropili ya asilimia 91 hadi ifunike majani, ziba juu, weka gilasi ndani ya bakuli la maji ya moto ya bombani, dirisha wazi, pasiwe na moto wowote karibu. Badilisha maji yakipoa. Baada ya nusu saa hadi saa moja spiriti huwa ya kijani kizito. Ning'iniza kwenye penseli ukanda wa kichujio cha kahawa wenye upana wa sentimita 2, ncha iguse spiriti, kisha subirini. Kijani hupanda na kusimama, na mbele yake hutokea mstari mwembamba wa njano. Acha watoto wauone wenyewe. Njano ilikuwa ndani ya jani la kijani siku zote.

Maelezo ya mwalimu: siku zinapofupika mti huacha kutengeneza klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, iliyopo inavunjika, na njano iliyofichwa inaonekana. Ni kundi lile lile la rangi linalopaka karoti. Nyekundu ni habari nyingine, hutengenezwa upya kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na ndiyo maana miaka yenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huwa na nyekundu kali. Ni jamii ya rangi iliyo kwenye juisi ya rozela. Halafu mti hufunga mlango chini ya kikonyo. Wape watoto kioo cha kukuzia waangalie mwisho wa kikonyo cha jani lililoanguka lenyewe: ni safi, umevimba kidogo, umezibwa. Walinganishe na jani lililong'olewa kwa nguvu, ambalo limechanika na lina nyuzinyuzi.

---

Kifaranga: Asante mkuu. Kwa hiyo naweza kutumia mifuko ya plastiki?

Mtoa mada: Hatua ya 2.

Mwanaziwa: Mimi nimefuata njia hii na siku ya nne yameota ukungu. Haifanyi kazi kwenye hali ya hewa ya huku.

Mtoa mada: Ulibadilisha magazeti baada ya saa 24?

Mwanaziwa: Shule ilifungwa Ijumaa, nikafungua Jumanne.

Mtoa mada: Basi hukufuata njia hii. Hali ya hewa haihusiki. Anza Jumatatu, hapo utabadilisha Jumanne na Alhamisi, na Ijumaa kabla ya kutoka badilisha tena.

Chaki: Mwalimu, kuna mtoto kaniuliza kwa nini msonobari haumwagi majani kama miti mingine, nikakwama. Ningemjibu nini? Nisingependa kumdanganya.

Mtoa mada: Swali zuri sana hilo, mpe hongera zangu. Majani ya msonobari ni membamba kama sindano na yamepakwa nta, kwa hiyo hupoteza maji kidogo wakati wa baridi ambapo ardhi imeganda na mizizi haipati maji. Mti unaweza kumudu kubaki nayo. Lakini nayo huanguka, ila kidogo kidogo baada ya miaka kadhaa. Nendeni chini ya msonobari mkaangalie zulia la sindano za kahawia, mtoto atapata jibu kwa macho yake. Na akitaka zaidi, mwambie yupo ndugu wa msonobari anayeitwa lariksi: ana sindano, na zote hugeuka njano na kuanguka kila mwaka. Jaribuni pia hili: jani moja la mepo na tawi dogo la msonobari, yote mabichi, yakae mezani bila maji siku mbili. Waangalie lipi linanyauka kwanza.

Kifaranga: Nimewaambia watoto kuwa barafu ndiyo inapaka majani rangi. Ni sawa?

Mtoa mada: Hapana. Soma maelezo chini ya hatua ya 7. Barafu kali huua jani na kulifanya kahawia. Warekebishe kesho, watakuelewa.

Bwana Shamba: Spiriti niliyonayo ni ya asilimia 70. Imetoka kijani hafifu, njano haikuonekana.

Mtoa mada: Asilimia 30 inayobaki ni maji, na rangi hizi hazikubali maji. Tafuta ya 91. Ukikosa, ongeza majani mara mbili, yachanwe madogo zaidi, na yakae saa nzima ukibadilisha maji ya moto kila dakika 15. Kisha acha ukanda ukauke kabisa kabla ya kuutazama, njano huonekana vizuri ukiwa mkavu.

Tumbatu: Naomba kuuliza nikiwa Tanga, huku hakuna mapukutiko. Darasa langu la awali lina watoto 43. Kuna kitu naweza kuchukua hapa?

Mtoa mada: Karibu sana mwalimu. Una mkungu! Majani yake hugeuka mekundu na kuanguka, na ni makubwa kiasi kwamba watoto watatu wanaweza kushirikiana jani moja. Tofauti ni kwamba huko mti unaitikia ukame, siku hazifupiki vya kutosha. Jani la mkungu ni nene, kwa hiyo kukausha lipe hadi wiki mbili, na kwa unyevu wa pwani badilisha magazeti kila siku kwa siku nne za mwanzo. Mbuyu nao humwaga majani kiangazi, na jani lake lenye vijani kama vidole vya mkono linafaa sana kuhesabia. Kwa watoto 43 fanya grafu uwanjani, chora miraba kwa kijiti kwenye mchanga. Hatua ya 5 na ya 6 zinakwenda bila kubadilisha chochote.

Tumbatu: Na krayoni zikiisha?

Mtoa mada: Mkaa laini unachapa mishipa vizuri tu. Jani la mkungu mishipa yake imeinuka, litatoka wazi.

Chaki: Nina familia mbili ambazo hazitaki Halloween, ile sikukuu ya Oktoba ya kuchonga nyuso kwenye maboga. Nifanyeje na maboga?

Mtoa mada: Boga ni zao, lifundishe kama zao. Lipimeni uzito, pimeni mzingo kwa uzi, kadirieni mbegu, kisha likateni na mhesabu kwa mafungu ya kumi kwenye vikombe. Osha mbegu, zikaushe usiku mmoja, zikaange. Usichonge uso. Hakuna mzazi atakayelalamika, na wazazi wa kwetu watakuuliza majani ya maboga mmeyapeleka wapi.

Bwana Shamba: Tumeokota matunda ya mwaloni, leo asubuhi kuna funza weupe wanatambaa mezani!

Mtoa mada: Ni watoto wa fukusi, ndugu wa yule wa mahindi. Mama hutoboa tunda likiwa bado mtini na kutaga ndani, na funza hutoka kwa tundu la mviringo. Waweke kwenye chupa yenye udongo, watachimba na kujificha mbele ya macho ya watoto. Matunda mengine yatie kwenye maji: yanayoelea mara nyingi yameshaliwa. Yaliyozama yakaushe, tandaza kwenye sinia, tia ovenini nyuzi 80 za Sentigredi, yaani 175 za Farenihaiti, kwa saa moja na nusu hadi mbili, ukiyageuza kila nusu saa. Kabla hujayarudisha darasani angalia fomu za mzio, na usiyaache wanapopita watoto wa chini ya miaka mitatu.

Bwana Shamba: Yameelea 31 kati ya 60.

Mtoa mada: Weka kwenye grafu.