Sensa ya joto la moshi kwenye gari la turbo: inakaa wapi (someni kabla ya kunipigia)

Wiki hii nimeulizwa mara nne. Wa mwisho alinipigia simu ya video nikiwa foleni ya feri Likoni, kaielekeza simu ndani ya boneti, ati nimwonyeshe kwa kidole. Basi naandika mara moja. Mwenzio akikuuliza, mtumie hii.

Jibu ni kabla ya turbo. Kwenye manifodi, pale mikono ya silinda zote inapokutana, karibu na flanji ya turbo. Moshi ukishalizungusha pangaboi la turbo umeacha nguvu yake pale na unatoka umepoa. Ukipanda mlima na mzigo, tofauti ya kabla na baada hufika nyuzi 100 hadi 200, tena haitulii. Kwa hiyo ile hesabu ya "nitaweka nyuma halafu nijumlishe 150" isahau. Na sensa ya nyuma huchelewa: injini inaungua sasa hivi, geji inakwambia baadaye.

Hatua ya 1. Injini ipoe, toa waya wa betri.

Hatua ya 2. Fungua kinga ya joto, toa turbo, toa manifodi. Ndiyo, toa.

Hatua ya 3. Tia alama. Si kwenye mkono wa silinda moja, maana utasoma hiyo moja tu. Si mdomoni mwa EGR (njia inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini) wala kwenye kona ambapo moshi haupiti sawasawa. Hakikisha pia spana itaingia pale siku gari limeshafungwa. Wengi hukumbuka hilo mwisho.

Hatua ya 4. Kutoboa. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo kaeni chini.

Gari langu la kwanza la turbo lilikuwa Prado ya dizeli, injini ya 1KZ. Niliona uvivu kutoa manifodi, bolti zimeliwa na kutu la chumvi ya bahari. Nikaambiwa mbinu: paka drili grisi, washa injini, toboa ikiwa inanguruma, moshi wenyewe utasukuma chembe nje. Kweli zikanirukia usoni, nami nikafurahi. Lakini drili inapopenya hubaki kigamba cha mwisho, kidogo kama punje ya mtama, na hicho hakikutoka. Nilifika darajani Nyali nikasikia filimbi ambayo haikuwepo asubuhi. Tulipofungua turbo, ncha tatu za pangaboi zilikuwa zimemeguka kama kucha iliyotafunwa. Turbo ya mtumba ikala mshahara wa mwezi na nusu. Bolti nilizozikimbia nikazifungua vilevile, kwa sababu ilibidi turbo itoke.

Basi toboa manifodi ikiwa mezani. Kwa uzi wa 1/8 NPT (kipimo cha uzi wa mabomba) tundu ni milimita 8.7 hivi. Anza na drili nyembamba, nenda polepole, bila kuegemea. Halafu tepu, kile chuma cha kuchonga uzi ndani ya tundu: uzi huu ni wa mchongoko, unapanuka kadiri tepu inavyozama. Ukiipitisha yote, tundu linakuwa pana na kiunganishi hakikazi tena. Zungusha kidogo, toa, jaribu kiunganishi, rudia.

Hatua ya 5. Safisha kwa sumaku na upepo wa kompresa, pitisha kidole ndani. Halafu safisha tena.

Hatua ya 6. Rudisha kwa gaskiti mpya.

Hatua ya 7. Ingiza sensa, ncha ifike katikati ya njia ya moshi. Ncha ikibaki ukutani unasoma joto la chuma, si la moshi. Isiguse ukuta wa pili. Paka uzi dawa ya kuzuia kuganda, ya joto kali, si grisi ya beringi.

Hatua ya 8. Waya zipite mbali na manifodi.

Nambari, kwa Selsiasi, kabla ya turbo: dizeli ikinguruma gari limesimama hucheza 150 hadi 200. Mlimani na mzigo, ikipita 700 na kukaa, ondoa mguu, shusha gia. Petroli ni moto zaidi. 850 hadi 900 ukikanyaga yote si ajabu.

MASWALI

Bin Tudor: Kwa hiyo naweza kuweka karibu na sailensa? Pale pana nafasi.
Mwenye somo: Soma aya ya pili.

Bin Tudor: Nimesoma. Fundi wangu huweka nyuma ya turbo miaka yote na hakuna gari lililokufa.
Mwenye somo: Sawa, mweke fundi wako. Hoja anayo moja: sensa ikikatika kule nyuma, haipigi turbo. Ndiyo maana mimi hununua sensa nzuri, siendi kununua ya bei ya mahamri.

Mama Hiace: Salaam. Naomba kufahamishwa. Alumini nasikia huyeyuka 660. Mbona geji ikisoma 700 pistoni haziyeyuki?
Mwenye somo: Wa alaikum salaam mama, swali zuri mno. Ndani ya silinda joto hupita hata hilo kwa mbali, ila ni kwa kitambo kidogo. Mara hewa baridi inaingia, inaipoza pistoni. Ringi zinapitisha joto kwenye ukuta wa silinda, na injini nyingi za dizeli za turbo zina vijipua vinavyorusha oili chini ya pistoni. Kwa hiyo pistoni yenyewe iko chini sana ya 700. Shida ni muda. Sekunde chache za kumpita mwenzio huvumilika. Dakika kumi za kupanda na mzigo, joto linaingia kuliko linavyotoka, na hapo pistoni au hedi inaanza kwenda.

Kijana wa Subaru: Forester yangu turbo iko juu, mbali na manifodi. Nifanyeje?
Mwenye somo: Wewe una bahati. Lile bomba linalopanda kutoka manifodi kwenda turbo ni la chuma cha kawaida. Litoe, chomelea nati ya uzi, sugua ndani pawe laini, basi. Manifodi ya chuma cha kumimina usiichomelee ovyo, hupasuka.

Mama Hiace: Na baada ya mlima, nizime tu nikifika?
Mwenye somo: Acha ingurume mpaka geji ishuke kwenye 200 hivi ndipo uzime. Ukizima turbo ikiwa nyekundu, oili inaungulia kwenye beringi. Hata kwenye foleni ya feri, ngoja kidogo kabla ya kuzima.

Dereva wa Mazeras: Waya wa sensa haukufika kwenye dashibodi, nikaunga wa spika. Sasa geji inasoma chini kila boneti ikipata moto.
Mwenye somo: Waya wa sensa hii ni metali mbili maalumu, aina ya K. Ukiunga shaba ndani ya boneti, geji inadhani mwisho wa waya uko kwake, kumbe uko kwenye moto. Nunua waya wa nyongeza wa aina ya K.

Dereva wa Mazeras: Nimeununua, nikafunga nyekundu kwenye chanya. Sasa injini ikipata moto mshale unarudi nyuma!
Mwenye somo: Hahaha, wengi huanguka hapo. Kwa rangi za Kimarekani, nyekundu ndiyo hasi, njano ndiyo chanya. Ukikuta kijani na nyeupe, kijani ndiyo chanya. Geuza.

Dereva wa Mazeras: Imekubali. 180 ikiwa imesimama.
Mwenye somo: Ndiyo hiyo. Kesho pandisha nayo Mazeras na mzigo, uje na nambari.