Tathmini ya ulemavu: namna ya kumsikiliza mtu kabla ya kumkadiria

Nawaandikia madaktari, maafisa wa kliniki na wataalamu wa fiziotherapia wanaoketi kwenye kamati za tathmini ya ulemavu hapa Kenya. Wengi wetu tulifundishwa kupima viungo, si kuongoza mazungumzo. Na ripoti tunayoitia sahihi ndiyo inayomwezesha mtu kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Asiposajiliwa, hawezi kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Ukimpima vibaya, umemfungia mengi.

Hatua ya 1: Zijue dhana zako kabla ya kuita mtu wa kwanza

Zipo, hata kwa daktari mwenye huruma. Anayetembea mwenyewe hana ulemavu. Aliyevaa suti amefuata msamaha wa kodi tu. Anayenyamaza hana shida kubwa. Anayesema sana anatia chumvi.

Hii ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu hujizalia ushahidi wake. Ukimshuku mtu, unaanza kumhoji kama polisi. Naye anaona haaminiwi, anakaza sauti, anarudia maumivu yale yale mara ya tatu, anatembea kwa kuchechemea zaidi kuliko alivyoingia. Wewe unajiambia, "Nilijua tu." Kumbe shuku yako ndiyo iliyomfikisha hapo. Ukihisi imekuja, nyamaza kidogo, mwache amalize maelezo yake bila kukatizwa, kisha ndipo uulize.

Hatua ya 2: Zungumza na yeye, si aliyemsindikiza

"Anakula vizuri?" Swali hilo huulizwa dada wa mgonjwa huku mgonjwa mwenyewe, mtu mzima, ameketi hapo hapo. Acha. Kwa kiziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya ishara, na macho yako yawe kwa kiziwi, si kwa mkalimani. Usimgeuze mtoto kuwa mkalimani wa mamake; hakuna mama atakayesema mbele ya mwanawe kwamba mkojo humtoka. Kwa asiyeona, jitambulishe, mwambie ni nani wengine waliomo chumbani, na umjulishe kabla ya kumgusa.

Huu si upole wa hiari. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, na kutumia lugha ya ishara, Braille au njia nyingine inayomfaa. "Yule bubu aingie" haipaswi kusikika mlangoni pako.

Hatua ya 3: Usichukue salamu kuwa jibu

Muulize mzee wa Kwale anaendeleaje, atakwambia salama, namshukuru Mungu, hata kama amekesha kwa maumivu. Hiyo ni adabu. Ukiandika "hana malalamiko" umemdhulumu. Maswali ya ndiyo na la nayo hayasaidii sana: "Unaweza kutembea?" "Ndiyo, daktari."

Uliza kuhusu siku yake. Jana ulipoamka ulianza na nini? Nani alichota maji? Ulipandaje matatu kuja hapa? Nakumbuka mama mmoja muuza mboga mwenye baridi yabisi. Tulimpima saa saba mchana, na vidole vilikunjika vyote, nguvu ya mkono ikiwa karibu ya kawaida. Kwa vipimo peke yake angerudi nyumbani mikono mitupu. Nilipomuuliza anafungaje mafungu ya sukuma wiki, alisema anavuta kamba kwa meno, kwa kuwa alfajiri, wateja wakiwa wengi, vidole havikunjiki mpaka jua lipande. Hilo halikuwa kwenye vipimo vyetu. Tangu hapo sikosi kuuliza saa ngapi ya siku huwa mbaya zaidi.

Hatua ya 4: Tafuta kisichoonekana

Mwenye kifafa anaonekana mzima hadi aanguke. Muulize ameacha kufanya nini: kupika peke yake, kupanda bodaboda, kufanya kazi juu ya ngazi. Muulize pia wengine wanamfanyia nini. Kifungu cha 260, kinapofafanua ulemavu, kinataja pia hali ambayo sehemu kubwa ya jamii inaichukulia kuwa na athari kubwa au ya muda mrefu. Aliyefukuzwa kazi kwa sababu alianguka mbele ya wateja anakupa habari za tathmini, wala hajatoka nje ya mada.

Hatua ya 5: Tenga ulichoona na ulichohitimisha

"Anatia chumvi" si matokeo ya uchunguzi. Andika hivi: "Alisema hawezi kuinua mkono wa kulia kupita bega. Alipovua koti aliuinua hadi usawa wa kichwa. Nilipomuuliza, alisema anaweza mara moja, akirudia maumivu humzidi." Ukiona jambo lisiloafikiana na maneno yake, muulize kabla hujaliandika, kisha mwambie arudie tendo lile mara kadhaa ukiangalia.

Hatua ya 6: Mwambie kabla hajatoka

Msomee ulichoandika, kwa Kiswahili au lugha anayoielewa. Kama hakufikia kiwango, asikie kutoka kwako, ana kwa ana, pamoja na sababu. Kama kilichokosekana ni karatasi, tuseme kipimo cha usikivu au barua ya kliniki ya afya ya akili, mwandikie ni karatasi gani na aende akaitafute idara gani.