Namna ya Kumfuatilia Jerry Garcia kwa Rekodi za Jukwaani, na Kubadilishana Rekodi Hizo Ukiwa Mtwara au Lindi

Mtu aliyewahi kukaa ukumbini bendi ya dansi ikipiga hadi usiku wa manane hahitaji kuelezwa kwamba wimbo wa redioni na wimbo wa jukwaani ni vitu viwili. Ule wa redioni umefupishwa ili utoshe kwenye santuri. Ule wa jukwaani hunyooshwa kadiri wapigaji wanavyotaka, na mpiga solo huingiza humo mambo ambayo kesho yake hatayarudia. Jerry Garcia, mpiga gitaa la solo na mwimbaji wa bendi ya Grateful Dead ya California, alifanya kazi kwa namna hiyo kwa miaka 30, tangu 1965 hadi 1995, na bendi yake ilipiga maonyesho zaidi ya 2,300. Albamu zake za studio ni chache, na kwa maoni yangu nyingi hazionyeshi hata nusu ya uwezo wake. Bahati nzuri ni kwamba bendi yenyewe iliwaruhusu mashabiki kurekodi maonyesho na kubadilishana rekodi hizo, mradi fedha isihusike.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wale wanaotaka kumfuatilia mtu huyu wakiwa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala au Nachingwea, ambako mashabiki wa roki ni wachache na wametawanyika. Kanuni moja inabeba nyingine zote: rekodi isiyo na tarehe, mahali na maelezo ya chanzo chake usiipokee, wala usimpe mwenzako.

Ijue kwanza miaka yake

Usianze kukusanya kabla ya kuuelewa mpangilio wa miaka yake, kwa sababu Garcia wa 1969 na Garcia wa 1989 hawafanani hata wanapopiga wimbo uleule. Alizaliwa San Francisco tarehe 1 Agosti 1942, na akiwa na umri wa miaka 4 alipoteza sehemu kubwa ya kidole cha kati cha mkono wa kulia, kilichokatwa na shoka wakati yeye na kaka yake wakipasua kuni. Mkono huo ndio aliokuja kuutumia kupigia nyuzi. Kabla ya gitaa la umeme alikuwa mpigaji hodari wa banjo, na naona hiyo ndiyo sababu noti zake huja moja moja, kila moja ikiwa na mwanzo wake unaosikika, badala ya kumiminika zikiwa zimeshikana.

Miaka ya 1968 hadi 1970 ni ya sauti nzito na nyimbo zinazopotea mbali kabla ya kurudi. Katika ziara ya Ulaya ya Aprili na Mei 1972 alitumia gitaa aina ya Stratocaster lenye picha ya mamba, na sauti ikawa nyembamba na safi zaidi. Oktoba 1974 bendi ilisimamisha ziara, ikarudi Juni 1976. Mwaka 1977 wengi huuona kuwa kilele, kwa kuwa bendi ilikuwa imekaza kamba, na Garcia alikuwa ameanza kutumia kifaa cha Mu-Tron kinachoifanya noti ifunguke na kufunga kama mdomo. Julai 1986 alizimia kutokana na kisukari, akakaa siku kadhaa bila fahamu, na alipoamka ilimbidi ajifunze gitaa upya. Alirudi jukwaani na Grateful Dead tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Onyesho lake la mwisho na bendi lilikuwa Soldier Field, Chicago, tarehe 9 Julai 1995. Alifariki mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Agosti. Rekodi za mwaka huo wa mwisho usimpe mgeni, kwani ataondoka akidhani tunamsifia mtu asiye na kitu.

Msikilizaji wa Kiafrika asikose maonyesho ya Giza, Misri, ya tarehe 14 hadi 16 Septemba 1978, ambako bendi ilipiga karibu na piramidi ikiwa pamoja na Hamza El Din, mpiga udi wa jamii ya Wanubi, na wenzake waliopiga makofi na ngoma. Kwa haki, bendi haikuwa katika ubora wake: mpiga dramu Bill Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono na piano haikuwa imetuniwa. Hata hivyo, pale makofi ya Kinubi yanapoendelea na gitaa la Garcia kuingia taratibu juu yake, mtu aliyekulia kwenye ngoma za kusini huhisi mahali pa kuingilia haraka kuliko Mmarekani.

Fuata wimbo mmoja

Njia bora ya kuielewa safari yake ni kuchukua wimbo mmoja na kuufuata mwaka hadi mwaka. Mimi hushauri “Dark Star”. Toleo la studio la 1968 halifiki dakika 3. Tarehe 27 Februari 1969, kwenye ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, ulichukua takriban dakika 23. Tarehe 27 Agosti 1972 kule Veneta, Oregon, katika jua kali lililofanya hata kutuni magitaa kuwe taabu, ulivuka dakika 30. Baada ya bendi kurejea 1976 wimbo huo ukawa adimu kabisa, na ulipopigwa tena Hampton, Virginia, tarehe 9 Oktoba 1989, ulikuwa haujasikika jukwaani kwa miaka 5. Kelele za watu wanapotambua noti za mwanzo ni sehemu ya rekodi yenyewe. Rekodi hizo zote zimeshatolewa rasmi, kwa hiyo zisikilize kwa njia halali, kisha tafuta za usiku mwingine kwa njia ya kubadilishana.

Sikiliza mara ya kwanza bila kufanya lolote. Mara ya pili andika dakika ambapo Garcia anaiacha melodia na dakika anapoirudia, na uangalie nani alimfuata kwanza, besi ya Phil Lesh au dramu. Ukifanya hivyo kwa matoleo matatu tu, utakuwa na mambo ya kusema ambayo mwenzako hawezi kuyapangua kwa kusema “mimi naona” peke yake.

Kusoma chanzo cha rekodi

Majina ya mafaili ya Grateful Dead hufuata utaratibu mmoja: gd1977-05-08 maana yake ni onyesho la tarehe 8 Mei 1977, yaani lile la Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell. Baada ya tarehe hufuata herufi za chanzo. SBD ni rekodi iliyochukuliwa kwenye miksa, yaani meza ya kuchanganyia sauti za vyombo, ambayo ni safi lakini mara nyingi kavu, watazamaji wakiwa mbali. AUD ni rekodi ya maikrofoni za shabiki aliyekuwa ukumbini, na MTX ni mchanganyiko wa hizo mbili. Wapya hukimbilia SBD daima. Sikubaliani nao. AUD nzuri hukupa ukumbi wenyewe, na besi ya Lesh, ambayo kwenye miksa inaweza kusikika nyembamba, huko huja na uzito wake. Kuanzia Oktoba 1984 bendi iliwatengea warekodiji eneo lao nyuma ya miksa, hivyo ukikuta herufi FOB kwenye rekodi ya baada ya hapo, jua mwenye maikrofoni alijipenyeza mbele ya miksa, na mara nyingi sauti yake ni ya karibu zaidi.

Angalia pia kizazi cha kanda. Kila kaseti iliponakiliwa kwenda kaseti nyingine, mvumo wa “shhh” uliongezeka, kwa hiyo nakala ya kwanza kutoka kanda mama ni bora kuliko ya nne. Kaseti ya dakika 90 ilikuwa na dakika 45 kila upande. Ndiyo sababu rekodi nyingi hukatika ghafla katikati ya wimbo mrefu, mrekodi alipokuwa akigeuza kanda. Mkato wa namna hiyo si kasoro ya faili lako, na wakati mwingine wataalamu huuziba kwa kipande kutoka chanzo kingine. Inapaswa kuandikwa hivyo kwenye maelezo.

Kasi ya kanda nayo hudanganya. Wakati mwingine watu hubishana kwamba Garcia “alikuwa na moto” usiku fulani, kumbe mashine ilikwenda mbio. Chukua gitaa lililotuniwa vizuri, au programu ya kutuni kwenye simu, upige A pamoja na “Dark Star”, wimbo uliojengwa juu ya A. Ikiwa rekodi inakaa kati ya A na noti inayoifuata, kanda ilikimbia, na hoja ya moto ifutwe kwanza.

Kupakua na kutunza

Hazina kubwa iko Internet Archive, bure. Tangu 2005 rekodi nyingi za miksa za Grateful Dead zimewekwa pale za kusikiliza tu, wakati zile za ukumbini zinaweza kupakuliwa. Uheshimu mpaka huo, na usitafute programu za kuuvunja.

Onyesho lenye urefu wa saa 3 katika FLAC, aina ya faili isiyotupa sehemu yoyote ya sauti, hukaribia GB 1, ilhali MP3 ya kbps 128 ni kama MB 170. Kwa bando zetu tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo faida ya kuwa kundi: mmoja mwenye intaneti nzuri, au mwenye bando la usiku, apakue FLAC mara moja, wengine wanakili kutoka kwake. MP3 iwe ya kusikilizia kwenye simu tu. Kamwe usiigeuze MP3 kuwa FLAC na kuipitisha kwa wenzako, kwa kuwa sauti iliyokwisha kutupwa hairudi, na jina la faili litakuwa linasema uongo.

Umeme ukikatika wakati wa kunakili, faili huweza kuonekana zima kwa jina ilhali ndani limekatika. Dawa yake ni lile faili dogo la md5 au ffp linalokuja na rekodi: programu ya bure hukokotoa namba ya kila wimbo na kuilinganisha na iliyoandikwa humo, na tofauti yoyote, hata ndogo vipi, huonekana papo hapo. Fanya ukaguzi huo kabla ya kumrudishia mtu diski yake.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, Shangani au Mikindani kwa mfano, chumvi na unyevunyevu hula vyuma vya fleshi. Ziweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine kabisa. Ukitaka kununua diski kubwa, msimu wa korosho ndio wakati ambao wengi wana uwezo wa kuchangia.

Kubadilishana bila fedha

Desturi ya zamani ya mashabiki wa Marekani ilikuwa anayeomba kutuma kanda tupu pamoja na gharama ya posta. Huku kwetu inageuka kwa urahisi: anayeomba hutoa fleshi tupu na nauli ya kifurushi, basi, hakuna senti nyingine. Kwa sababu hiyohiyo, rekodi hizi zisipelekwe kwa vijana wanaoingiza nyimbo kwenye memori kadi kwa malipo. Kazi yao wanaijua, lakini siku ruhusa ya bure inapouzwa, imeshavunjwa. Rekodi iliyokwisha kutolewa rasmi na bendi nayo itoke kwenye mzunguko wenu. Pia msidhani ruhusa hii ni ya wanamuziki wote: ukitaka kurekodi bendi ya dansi iliyokuja Mtwara, muombe kiongozi wa bendi kabla hawajapanda jukwaani, na akikataa, yaishe.

Ndani ya kila folda kuwe na faili la maandishi lenye tarehe, ukumbi, mji, chanzo, orodha ya nyimbo kwa mpangilio uliopigwa, mikato, na jina la aliyekupa. Usilifute wala kulifupisha. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama sauti, la sivyo jina la faili hubadilishwa na tarehe kupotea.

Kwenye mazungumzo, anayedai jambo ataje tarehe na dakika. “Mjomba, sikiliza Veneta, dakika ya 20” ni hoja. “Garcia hana mpinzani” ni shangwe, na shangwe ina nafasi yake lakini haimfundishi mtu. Mzee aliyezoea dansi akisema gitaa hili linazunguka sana bila kufika, msimcheke wala kumkatiza, bali mwombeni aonyeshe ni wapi alipotarajia lifike. Maswali ya namna hiyo yamenipa usikivu zaidi kuliko sifa za mashabiki wenzangu.

Kifurushi cha Masasi au Lindi kifungwe kwa kitambaa ndani ya kopo gumu, kiandikwe jina na simu ya mpokeaji pande mbili, na kikabidhiwe ofisi ya basi ili upate risiti, si dirishani gari likiwa linaondoka. Mtumie mpokeaji picha ya risiti na namba ya basi, naye akishapokea afanye ukaguzi wa md5 siku hiyohiyo, kabla wewe hujafuta chochote upande wako.