Jinsi ya Kudai Gharama za Kesi Kwenye Mali ya Mtalaka Wako, Mombasa

Kesi ya mali imekwisha na hukumu inasema mtalaka wako alipe gharama. Usikimbilie kwa dalali, yule anayeshika mali ya mdaiwa na kuipiga mnada. Soma amri yenyewe kwanza, kwani katika kesi za familia majaji mara nyingi huamuru kila upande ujibebee gharama zake, na hapo huna la kudai.

Ukiwa nayo amri ya Mahakama Kuu, bado huna kiasi. Wakili wako huandaa bili ya gharama, huiwasilisha kwa mfumo wa mtandaoni wa Mahakama na kumpa mtalaka wako nakala. Naibu Msajili wa Mahakama ataipitia na kukata kilichozidi. Bili ya dada yangu ilipopitiwa nilikuwa nimeketi kando yake: fungu la nauli lilifutwa lote kwa kukosa risiti. Weka risiti zako tangu siku ya kwanza. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kupinga. Kisha chukua cheti cha gharama, yaani karatasi ya korti yenye kiasi kilichokubaliwa, umpelekee barua ya kumtaka alipe. Akiomba awamu, maafikiano yaandikwe na yawekwe kortini.

Akinyamaza, jua mali yake kabla ya kuomba chochote. Ploti yenye hati utaipata kwa upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi. Utaona jina la mwenyewe na rehani ya benki ikiwapo. Lakini Mombasa tuna nyumba bila ardhi, hasa mitaa kama Majengo: jengo ni lake, kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Hati itakuonyesha mwenye kiwanja tu. Hapo tafuta mkataba wa kuuziana nyumba na risiti za kodi hiyo. Mali mliyoandikwa wawili, linaloguswa ni fungu lake peke yake. Ukishika friji ya mamake, mama ataweka pingamizi na huenda gharama zikakurudia wewe.

Sasa peleka ombi la utekelezaji: namba ya kesi, tarehe ya amri, kiasi, alichokwisha kulipa, na njia unayotaka. Ukikaa zaidi ya mwaka tangu tarehe ya amri, korti humwita mtalaka wako kwanza ajieleze. Miaka 12 ikipita, haki imekufa.

Kwa vitu vya nyumbani, dalali mwenye leseni huviorodhesha na kumpa siku 7 alipe kabla ya kuvichukua. Nguo, sufuria, vitanda na matandiko havishikwi. Wala fundi hanyang'anywi cherehani chake. Kwa ardhi, omba amri ya zuio, isajiliwe kwa Msajili wa Ardhi ili asiweze kuiuza. Notisi ya dalali hapo ni siku 45.

Akimaliza kulipa, iarifu korti kwa maandishi na uondoe zuio lile kwenye rejista ya ardhi.